Bila Hiari Yako

Swali la 14 kwenye fomu yetu liliuliza hivi: je, katika miezi 12 iliyopita, mwajiri au msimamizi amechukua kitambulisho chako bila hiari yako? Ndiyo au hapana.

Tulikuwa kwenye kibanda cha chakula Kilimani, saa saba mchana, ng'ambo ya jengo lililokuwa limefika orofa ya tisa. Mzee niliyekuwa nikimhoji alikuwa mtu wa mkono, yule wa kubeba mawe, kuchanganya simiti na kupandisha karai. Sahani ya chapo madondo ilikuwa magotini.

"Hapana," akanijibu. "Nilimpa mwenyewe."

Kiko wapi sasa? Kwa ofisi ya msimamizi, tangu aanze kazi, miezi mitatu. Na ukikitaka? Akacheka. "Kijana, ukikitaka unapewa. Lakini ukikichukua hiyo ni kuacha kazi, na zile wiki mbili za kwanza zimeenda."

Wiki mbili za kwanza ni pesa ambazo hulipwi ukianza. Zinashikwa kama dhamana, usije ukahamia mjengo mwingine wenye shilingi 100 zaidi kwa siku.

Nikabonyeza Ndiyo.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, na kazi hii ya kukusanya data ililipa kwa kila fomu. Hakuna aliyenituma nibadilishe jibu. Nilibadilisha kwa sababu nilimhurumia na pia, niseme ukweli, kwa sababu nilijiona nayajua maisha yake kumliko.

Watu wa mjengo si rahisi kuhesabu. Hawana rejista. Leo mtu yuko Kilimani, wiki ijayo Ruaka, na jina alilompa msimamizi huenda ni la binamu yake. Ndiyo maana watafiti hutumia mbinu ambayo mwanasosiolojia Mmarekani, Douglas Heckathorn, aliieleza mwaka wa 1997. Unaanza na watu wachache, kila mmoja unampa kuponi, mara nyingi tatu, awagawie wenzake, nao wakija wanapewa zao. Kila mtu anaulizwa anajua wangapi wa kazi yake, maana mwenye marafiki wengi ni rahisi kufikiwa, na jibu lake linapunguziwa uzito. Niliipenda hesabu hiyo. Sikuwa nimewahi kuona marafiki wa mtu wakiingizwa kwenye kanuni.

Kwa hivyo kuwapata tuliwapata. Shida ilikuwa neno hiari.

Mkataba nambari 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, unasema kazi ya kulazimishwa ni ile mtu anayofanya chini ya tishio la adhabu, bila kujitolea kwa hiari yake. Shirika hilo lina orodha ya ishara 11 za kazi kama hiyo. Kushikiwa hati za utambulisho imo, kuzuiliwa mshahara imo. Mzee wangu alikuwa nazo zote mbili, lakini machoni pake hakukuwa na kosa. Nairobi unaacha kitambulisho kwa geti za majengo kila siku. Unampa soja, unapewa kadi ya mgeni, unapanda. Mkono unaenda mfukoni kabla hata hujaombwa.

Na lile neno la mtaani, kipande, lina historia yake. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba kipande, wakikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwajiri alitia sahihi ukiingia kazini, akatia tena ukitoka. Bila sahihi ya kutoka wewe ni mtoro. Mfumo ule uliondolewa 1947. Msimamizi wa Kilimani huenda hajawahi kuusikia, na bado anaufuata: karatasi yako inakaa kwangu mpaka nikuachilie.

Basi mzee alikuwa na hiari au hakuwa nayo? Alipokuwa akichagua kati ya kazi hiyo na kulala njaa, alichagua. Miaka ile viwanja vya Kombe la Dunia la 2022 vikijengwa, alikuwa Doha, pasipoti yake ikikaa kwa mwajiri ingawa sheria ya Qatar yenyewe inakataza. Ukilinganisha na huko, Kilimani ni afadhali. Jioni anarudi kwake Kawangware. Hapana yake ilikuwa imepimwa. Mimi nilikuwa nimepima na fomu tu.

Lakini ukiandika kila hapana jinsi ilivyotamkwa, mahali watu wamenyonywa miaka mingi zaidi ndipo takwimu zitatoka safi zaidi. Aliyezoea haoni cha kuripoti. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani kwa 2021 ni watu milioni 27.6 kwenye kazi ya kulazimishwa kwa siku yoyote ile. Nikiiona tarakimu hiyo siku hizi, kwanza najiuliza swali liliulizwaje.

Sheria yetu ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ingenitetea. Inasema idhini ya mwathiriwa haihesabiki kama kulitumika vitisho, ulaghai au shida aliyokuwa nayo. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sidhani msimamizi yule anastahili miaka 30. Si kila unyonyaji ni usafirishaji haramu, na tukilipachika jina hilo kila mahali litaishiwa nguvu. Ila mahakamani angalau wote wawili wangesikilizwa. Kwenye simu yangu nilimaliza kesi kwa kidole.

Swali lenyewe lilikuwa bovu, hilo nalisimamia. Ungeuliza kitambulisho kiko wapi, nani anacho, ukikichukua nini kitatokea, ungepata ukweli bila kumlazimisha mtu ahukumu maisha yake katikati ya chakula. Mzee alinijibu hayo yote vizuri sana. Ni fomu ambayo haikuwa na pa kuyaweka.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba nilipobonyeza Ndiyo niliinamisha simu asione. Ningeweza kumwambia, mzee, hiki unachonieleza kina jina, na kuna sheria inayokihusu. Angebisha. Ama angeenda kudai wiki zake mbili afukuzwe siku hiyohiyo, na mimi ningekuwa nimeshapanda matatu. Niliogopa hilo, na kuogopa kwenyewe si kubaya. Lakini kuna watu ofisini waliokuja kumhesabu kama mtu anayelazimishwa kazi, na yeye mwenyewe hajawahi kuambiwa.

Fomu ile sikuirekebisha. Ilikuwa imeshatumwa.

Mzee aliondoka na kuponi zake tatu, na kesho yake wakaja vijana wawili wa mjengo uleule. Wa pili alikuwa rika langu. Alikaa, akaitazama simu, akauliza kabla hatujasalimiana vizuri, "Bosi, lile swali la kitambulisho, mnataka tuseme ndiyo ama hapana?"

Nilikosa la kumjibu. Nikaiweka simu mfukoni, nikamuuliza chake kiko wapi. Akaelekeza kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye chumba cha mabati kilichofungwa kufuli.