Siku Isiyotiwa Alama

Kazi, husemwa, ni kipimo cha mtu. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, kaulimbiu iliyoshika vinywani mwa watu ilikuwa "Uhuru na Kazi". Mapumziko hayakutajwa. Je, siku anayoimaliza mtu ufukweni, bila kulima, kuuza wala kujenga, ni sehemu ya uhuru huo au ni siku iliyopotea?

Kwa mtu wa Mazinde swali hili lina mizizi mirefu. Mazinde imekaa chini ya milima ya Usambara, kwenye barabara kuu iteremkayo kuelekea Dar es Salaam. Katika karne ya 19 Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake hapo, penye njia ya misafara. Mateka wa vita vya Usambara walishushwa pwani kwenda kuuzwa. Bahari waliiona, siku haikuwa yao. Ukafuata utawala wa Wajerumani. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilianzishwa kadi iliyomlazimu mwanamume kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4. Baadaye manamba wa mashamba ya mkonge nao wakahesabiwa kwa kipande cha siku 30. Siku iliyotiwa alama ilikuwa na ujira. Isiyotiwa alama haikuwa kitu.

Mjukuu wa mkata mkonge huyo leo aweza kupanda basi, akashinda Jumapili nzima Coco Beach, pale Oysterbay. Maji yakipwa, vijana hucheza mpira mchangani. Wazee huketi wakatazama mawimbi bila kuyadai lolote. Hewa hunukia mihogo ya kukaanga, iliyonyunyizwa chumvi na pilipili. Jioni mjukuu huyo huondoka na mchanga miguuni, na mfukoni amepungukiwa. Anayemwambia kwamba amepoteza siku anarudia, pengine bila kujua, hesabu ya karani wa kipande: kwamba siku ya mtu hupata thamani pale tu mtu mwingine anapoitia alama.

Hata hivyo, hoja haiishii hapo. Mihogo ile imekaangwa na mtu, na kwa mtu huyo Jumapili ndiyo siku nzito kuliko zote. Yuko pwani ile ile, ameipa bahari mgongo, macho yake yako kwenye mafuta. Hakuna mlowezi aliyemlazimisha, ni kweli. Lakini karo ya watoto na kodi ya chumba navyo hutia alama. Raha ya mmoja imeegemea jasho la mwingine.

Je, ni haramu basi kupumzika? La. Mihogo isiponunuliwa, muuzaji hapati ahueni yoyote. Kinachodaiwa ni adabu ya mapumziko: kulipa bila kumdhalili anayeuza, kutomwachia maganda na chupa ayaokote, na kukiri kwamba yeye naye anastahili siku ya kukaa na kuitazama bahari. Adabu hiyo yahusu pia ardhi yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa upande wa Tanzania Bara, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wengi huiona kuwa ni sheria ya kuilinda fukwe tu. Lakini ufuo ukizungushiwa ukuta, siku nayo hutiwa bei, na wa kwanza kufungiwa nje ni yule aliyetoka mbali kwa nauli ya kuunga.

Mapumziko, basi, si kinyume cha kazi wala si zawadi ya waliokwisha kutajirika. Ni haki iliyochelewa kufika Mazinde, na ambayo muuza mihogo bado anaingojea.