Kuombea Ukuta wa Nyongo

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji huku Upper Hill. Kabla mfuko wa nyongo haujatolewa kwa matundu madogo, nasoma faili. Ukuta wake umezidi milimita 4 kwenye ultrasaundi? Jiwe limekwama shingoni? Mgonjwa ni mzee wa kiume aliyewahi kulazwa kwa maumivu yale yale? Basi kazi huenda ikawa ngumu, nami naweka karibu seti ya kupasua tumbo wazi.

Mama mmoja wa Kangemi, ambaye picha yake ya ultrasaundi haikupendeza, aliniambia, "Sista, niombee huo ukuta uwe mwembamba." Ombi zito hilo. Ukuta ulishakuwa vile ulivyo. Sisi ndio hatujauona kwa macho. Mishna ya Wayahudi huita sala ya namna hiyo ya bure: mke ana mimba tayari, mume anaomba mtoto awe wa kiume. Nakubali nusu tu. Utabiri wetu unahusu wengi waliofanana naye, yeye hasa haumsemi. Nimeona mfuko wa kutisha ukitoka upesi, na mpole ukiwa umegandamana na utumbo. Kwa hiyo niliombea lile ambalo bado halijaamuliwa: mkono wa daktari, na busara ya kuyaacha matundu mambo yakikataa. Mama hakuridhika. Alitaka ukuta.