Nani Amtoe Aliyejiingiza Shimoni?

Katika nchi za Ulaya, miezi ya baridi ikifika, wako watu wasiokaa motoni siku za mwisho wa juma. Hukusanyika wachache wachache, huvaa kofia ngumu zenye taa, huingia mapangoni. Hawatafuti dhahabu. Wataka tu kuyaona yaliyofichwa chini ya mawe. Na njia ikiwabana kifua, huhesabu hiyo kuwa sehemu ya furaha.

Jumamosi, tarehe 6 Novemba 2021, mtu mmoja mzoefu alianguka ndani ya Ogof Ffynnon Ddu, pango la kusini mwa Wales, lenye njia zipatazo kilometa 50. Mguu ulivunjika, taya likavunjika, kifua kikaumia. Machela haiendi upesi mle: penye maji huinuliwa, penye upenyo hupitishwa kwa mikono, mtu kwa mtu. Alifika nje Jumatatu jioni, baada ya saa zaidi ya 50. Watu kama 250 walishiriki kazi hiyo, wengi wao wapenda mapango kama yeye, waliojitolea bila mshahara.

Basi wengine husema: amejitakia mwenyewe, kwa nini watu wengi hivyo wahatarishwe kwa mchezo wa mmoja? Neno hilo lina nguvu, tusilidharau. Mchimba madini ashukaye shimoni atafuta chakula cha watoto wake. Huyu alitafuta nini? Lakini tazama, wasomaji, hukumu hii yatufikisha wapi. Mlevi aliyeanguka mtoni, tumwache? Kijana aliyepanda mwembe kwa tamaa? Tukianza kupima sababu kabla ya kunyosha mkono, wachache watatolewa majini.

Hata hivyo wajibu wa kuokoa ni jambo moja, na haki ya kudai ni jambo jingine. Wenzangu wapaswa kunifuata. Mimi sina ruhusa ya kuyaagiza maisha yao. Penye kikundi jambo hili huonekana wazi zaidi, maana wanaoshuka pamoja wameahidiana bila maneno: kamba yangu ni kamba yako. Kwa hiyo ajisifuye ujasiri na kuona haya kusema «nimechoka» awaibia wenzake. Uchovu wake si mali yake peke yake.

Na mpaka wa wajibu huo uko wapi? Jumapili, tarehe 22 Machi 1959, baridi ikielekea kwisha, Neil Moss, mwanafunzi wa miaka 20, alinaswa katika shimo jembamba ndani ya Peak Cavern, huko Derbyshire, alipokuwa na wenzake. Kamba ya kumvuta ilikatika. Hewa chafu ikajaa mle chini, hata waliomfuata wakashindwa kupumua. Alikufa Jumanne. Ndipo baba yake akaomba mwili uachwe mlemle, mtu mwingine asife kwa kuufuata. Waokoaji wasingaliweza kulitamka neno hilo kwa niaba yake. Lilipaswa kutoka kinywani mwa aliyefiwa. Shimo likazibwa kwa mawe, naye Neil yumo mpaka leo.