Mama, Usikimbilie Kukimbia

Faith Kipyegon wa Kenya, bingwa wa Olimpiki, alijifungua binti yake Juni 2018. Alirejea mashindanoni Juni 2019, mwaka mzima baadaye. Na huyo ana kocha. Sasa wewe hata arobaini hujaimaliza, jirani anakuuliza tumbo litaisha lini! Mwache aulize.

Mimba na uzazi hulegeza misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu na kizazi, na ya tumbo huachana katikati. Kuifunga kanga hakuirudishii nguvu. Anza na kuikaza ile ya nyonga kama mtu anayezuia haja ndogo, kisha uiachie. Unaweza hata ukiwa umelala unanyonyesha. Kutembea taratibu uani nako ni mazoezi. Kukimbia na kuruka kamba kusubiri angalau miezi mitatu, na aliyejifungua kwa upasuaji amuulize kwanza daktari.

Mkojo ukikuponyoka au nyonga zikiuma, punguza mwendo, nenda kliniki. Damu ikianza kutoka nyingi, hospitali mara moja.

Na wewe baba, leo jioni mshike mtoto nusu saa, mama atembee.