Karatasi ya Hospitali Si Shahidi wa Uzinzi

Bwana mmoja wa upande wa Runyenjes, Embu, anauliza: "Mke wangu alipimwa mlango wa kizazi, akaambiwa ana virusi vya HPV na dalili zinazoweza kugeuka kansa. Nilisikia kwamba virusi hivyo hupatikana kwa kujamiiana, tukagombana. Tumeoana miaka 14, nami sina ugonjwa wowote. Sasa yuko kwao Nkubu na hataki kurudi kutibiwa. Je, nimrudishe nyumbani au nimwache huko?"

Ndugu yetu, umefunga maswali mawili katika mzigo mmoja. La kwanza ni la daktari: ugonjwa umetoka wapi? La pili ni la dhamiri: nani ana hatia? Jibu la kwanza si jibu la pili.

Tuanze na la daktari. Mwaka 1983, Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua aina moja ya HPV ndani ya kansa ya mlango wa kizazi, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo yajulikana kwamba karibu kansa zote za namna hii huanzia kwa virusi hivyo. Lakini pia yajulikana kwamba wengi wa watu waliowahi kujamiiana huvipata wakati fulani bila kujua. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki kimya, na kansa kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Mwanamume naye huweza kuvibeba na kumwambukiza mkewe bila kuhisi lolote. Basi kipimo cha mkeo hakisemi virusi vilitoka kwa nani, wala mwaka gani. Huenda ni vya kabla ya arusi yenu. Huenda vilipitia kwako. Unasema huna ugonjwa, umejuaje?

Sasa tazama mfano wa kwa majirani zetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji huko Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wa London walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya chembe za kansa hiyo. Karibu kila mtu mzima duniani anavyo virusi hivyo, na huenea kwa mate. Mtoto aweza kuvipata kwa busu la mama. Je, yuko mzee wa Meru au Embu atakayemfukuza mama kwa kumbusu mwanawe? Hayuko. Ugonjwa huenda ulipitia kwake, lakini hana hatia, kwa maana hakujua wala hakukusudia.

Utasema: busu la mama si uzinzi. Kweli, na uzinzi upo, hatuufichi. Ikiwa mmoja wenu alikosa, na aseme kwa kinywa chake mwenyewe, kwa utulivu, hata mbele ya mtu mnayemwamini nyote wawili. Lakini usiufanye ugonjwa kuwa shahidi, kwani shahidi huyu hakuona kitu. Tena, hata mkosaji hanyimwi dawa. Mliahidiana kutunzana mkiwa wazima na mkiwa wagonjwa. Hamkuahidiana kuchunguzana kwanza.

Linalotutia hofu ni hili: mkeo hakimbii hospitali, anakimbia hukumu yako. Kwa makadirio ya mwaka 2020, kansa hii iliua wanawake zaidi ya 3,000 nchini Kenya katika mwaka huo mmoja. Lakini mara nyingi dalili za mwanzo huweza kuondolewa, kwa mfano kwa kuzigandisha, kabla hazijawa kansa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wanawake wa kijijini wakisikia kwamba mwenzao alifukuzwa kwa sababu ya kipimo, nani kati yao atakwenda kupimwa?

Ndugu, panda gari hadi Nkubu wiki hii. Usiende na wazee wa kesi. Mwombe msamaha kwa maneno uliyomtupia, umwambie, "Twende hospitali pamoja." Na kama mna binti aliyefika miaka 10, apate chanjo ya HPV, ambayo serikali imekuwa ikiitoa bila malipo tangu Oktoba 2019. Mengine mtazungumza mkiwa wawili, mke akiwa hai.