Nia Njema na Yakini

Waulizao iwapo ni halali kwa tabibu wa viungo kuwagawa wagonjwa kwa kura, hawa wakapewa mazoezi mengi na wale machache, ilhali muradi wake ni kuwafaa wote, huuliza swali la dini kabla halijawa la ilimu. Kwani mwili wa mgonjwa ni amana, na amana haichezewi. Lakini na tutazame yaliyojiri katika utafiti ulioitwa AVERT, ulioongozwa na Profesa Julie Bernhardt wa Australia na kutangazwa mwaka 2015, ambamo wagonjwa 2,104 wa kiharusi, katika hospitali 56 za nchi tano, waligawanywa vivyo hivyo: baadhi wakainuliwa kitandani mapema na mara nyingi tangu saa 24 za mwanzo, na wengine wakapewa huduma ya kawaida. Dhana ya wengi ilikuwa kwamba harakati ni baraka; walakini, baada ya miezi mitatu, waliosalimika bila ulemavu au kwa ulemavu mdogo tu walikuwa asilimia 46 miongoni mwa walioharakishwa, na 50 miongoni mwa wenzao.

Basi nia njema isiyopimwa yaweza kudhuru pasi na mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyo, kijana atakaye shahada ya uzamili au ya uzamivu katika tiba ya viungo asidhani kwamba shaka ni upungufu wa huruma. Shaka yenye adabu, iliyotanguliwa na ridhaa ya mgonjwa na isiyoficha matokeo yanayompinga mtafiti mwenyewe, ni katika insafu, na aliyejaaliwa uwezo wa kuchunguza, akaridhika na mazoea, ataulizwa juu ya uwezo huo.