Sumu ya Ulevi Kifuani



Wengi wetu hudhani ya kuwa madhara ya pombe ni kupotewa na akili, kufilisika na kuharibika ini. Ama kifua, hawakifikirii. Kwa hivyo tumeona yatupasa kulibainisha jambo hili.

Mtu anywapo pombe, ini lake huigeuza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi. Mwili hufanya bidii ya kuiondoa, lakini mtu azidishapo kunywa, sumu nayo huzidi. Pombe huchukuliwa na damu hata mapafuni, ndiyo maana harufu yake hutoka katika pumzi. Na sumu ile hufika huko huko.

Mwenyezi Mungu ametandaza katika njia za pumzi vinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho, vifagiavyo vumbi na vijidudu. Matabibu wameona katika uchunguzi wao ya kuwa sumu hii huvilegeza. Na ufagio ukilala, uchafu hukaa. Basi si ajabu mlevi kuwa mwepesi wa kushikwa na homa ya mapafu. Na huko Japani imeonekana kuwa wenye pumu ambao miili yao hukawia kuiondoa sumu hii, hubanwa na kifua wakishakunywa. Tena moshi wa sigara una sumu iyo hiyo. Avutaye huku akinywa hujidhuru kwa njia mbili.

Wako wasemao, "Mimi nanywa kidogo, silewi." Twawajibu: Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kilevyacho kingi chake, hata kichache chake ni haramu. Nasi hatukungoja matabibu ndipo tuiharimishe pombe. Amri ya Mola yatosha. Elimu yao ni ushahidi juu ya ushahidi.

Lakini kuna kosa jingine, nalo ni letu sisi tusiokunywa. Mlevi akikohoa na kuhema, jamaa zake husema ni kijicho au ni jini, wakamtafutia hirizi, au husema, "Mwacheni, amejitakia." Yote mawili ni dhulma. Hirizi haifagii mapafu, na nafsi ya mlevi ina haki ya kuokolewa. Mpelekeni hospitali mapema, kisha mumnasihi kwa upole, kwani mlango wa toba haujafungwa maadamu pumzi ingalimo kifuani.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.